Kabla hamjamgusa Bibi Salme

Swali limekuja kutoka Wete. Kijana mmoja, yeye na wenzake wawili wanapiga video za harusi, wana kamera moja nzuri, taa mbili na dron. Nalifupisha: "Maalim asalam alaykum, shikamoo. Tumechoka na harusi, tunataka tutengeneze filamu ya kwetu, si ya kuigiza ya watu. Mmoja wetu anataka kisa cha Bibi Salme, mwengine anasema vita vya dakika 38, mie nasema tuchukue kitabu kimoja katika vile tulivyosomeshwa skuli. Sasa tunagombana tu. Kitabu gani au kisa gani cha kweli cha Unguja na Pemba kinastahili kuwa filamu, na sisi kwa hali yetu tuanze na kipi?"

Waalaykum salam, marahaba mwanangu. Mie kazi yangu ni kusoma skripti za watu na kuwaambia wapi pamelala, na nikwambie ukweli, katika zinazoniletwa Bibi Salme hakosekani. Wote wanaanza vile vile, mwanamke kakaa dirishani Ujerumani, theluji inaanguka, anaandika, sauti inasimulia "nilizaliwa katika kasri la Mtoni..." na sauti hiyo hainyamazi mpaka ukurasa wa 20. Hiyo si filamu, hiyo redio yenye picha.

Sikatai kama kisa chake ni kikubwa. Kazaliwa 1844 Mtoni, babake Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, mamake Mcherkesi aitwaye Jilfidan. 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden kwa sababu ana mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa huko huko akaitwa Emily, wakaoana, wakahamia Hamburg, 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, yeye akabaki na watoto watatu kwenye baridi na lugha ya watu. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na 1924 akafia huko huko, Jena. Nani hataki kuifanya hiyo? Lakini hesabu mwenyewe: kasri ambalo sasa ni magofu, manowari, Aden, Hamburg ya karne ya 19, mavazi ya masuria. Nyinyi mna taa mbili.

Sasa nakupa siri yangu ya kusoma hivi visa vikubwa. Usikitazame chote, tafuta chumba kimoja ndani yake. Salme mwenyewe kasimulia kwamba watoto wa kike walikuwa wakifunzwa kusoma Kuruani lakini si kuandika, na yeye akajifunza kuandika kwa kujificha, ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mtoto, mfupa na wino. Halafu 1859, babake keshakufa, nduguze Majid na Barghash wanagombea kiti, wale wa upande wa Barghash wanahitaji mtu wa kuwaandikia barua za siri, nani anajua kuandika na hakuna atakayemshuku? Msichana wa miaka 15. Njama ikafeli, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki hapa hapa na watu waliomkasirikia wa pande zote mbili. Filamu yote hiyo inakaa nyumba moja yenye ua, mchana na usiku, na wanawake sita. Hamburg hata haitajwi. Hiyo akiniletea mtu leo ntaikalia usiku kucha.

Mwenzenu wa vita vya dakika 38 naye mwambieni vivo hivo. Kila mtu anaijua, 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya Sultani Sayyid Hamad kufa na Khalid bin Barghash kuingia kasrini bila ya ruhusa ya Waingereza, saa 3 asubuhi mabomu, kasri likawa vumbi, basi. Watu wanapenda hesabu ya dakika lakini dakika 38 za mizinga zinakula pesa za miaka 38, na tena ukishaonesha mabomu huna hadithi umebakiwa na moshi. Mimi nasema hadithi inaanza mizinga iliponyamaza. Khalid kakimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Waingereza wako nje wanamngoja, akitia mguu tu kwenye ardhi wanamkamata. Akakaa mle zaidi ya mwezi mzima. Mpaka 2 Oktoba, maji yamejaa bahari imepanda mpaka kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikaingia mpaka mlangoni, bwana akapanda kutoka ardhi ya ubalozi mpaka kwenye mashua bila kukanyaga mchanga wa Unguja, akaenda zake Dar es Salaam. (Waingereza walikuja kumtia mkononi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, wakamhamisha hamisha, akaja kufa Mombasa 1927.) Fikiria mtu ndani ya nyumba ya watu, anahesabu maji kujaa na kupwa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa bamvua ni nini, ukionesha ngazi ya mawe na maji yanapanda ngazi moja moja, mtazamaji wa Wete keshaelewa na roho iko juu.

Haya, vitabu sasa, maana wewe ndo uliyesema vitabu na mie niko upande wako kidogo.

Mfano tunao mkononi. Adam Shafi kaandika Vuta N'kuvute, imetoka 1999, na Amil Shivji akaifanya filamu, ikaoneshwa Toronto 2021, ikapelekwa na kwenye Oscar kwa jina la Tanzania. Kama hamjaiona iangalieni, lakini iangalieni na kitabu pembeni. Mtazame nini kimeachwa. Kitabu kile ni kinene, kina mambo ya watu wengi, filamu imemshika Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozeshwa mtu mzima akakimbia, na Denge, kijana wa siasa, na Mwajuma ambaye kwangu mie ndo roho ya kisa chote, vyengine vimetupwa au vimebanwa. Watu walilalamika hapa mtaani eti mbona kile hakimo mbona hiki hakimo. Anayetaka vyote akasome kitabu, kipo. Mwenye kutengeneza filamu kazi yake ni kuacha.

Kipimo changu cha kitabu ni kimoja na cha kishamba kabisa. Nakifungua popote, nafunika kwa mkono yale anayoyasema msimulizi, nabakisha wanachofanya watu na wanachosema. Kama bado natetemeka, hicho ni filamu. Kama nimebaki na watu wamekaa tu, hicho waachieni wasomaji. Kuna vitabu vizuri mno vinafeli mtihani huu na si aibu yao.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed unafaulu. Umesomeshwa skuli bila shaka, kwa hivyo mtihani umekuharibia utamu wake, ukaona "dhamira" na "mbinu" badala ya kuona mtoto wa kike aliyefungiwa. Maimuna yumo ndani ya nyumba ya baba tajiri mkali, dunia anaisikia kwa masikio, na siku mlango ukifunguka anatoka mbio anaangukia kubaya. Babake, Maksuudi, nje ni mheshimiwa na ndani ni mengine. Kuna bibi kizee Farashuu ana kisasi chake cha zamani na hana haraka nacho. Bwana weye, huyo Farashuu, nipe mwigizaji mmoja mwanamke mtu mzima mwenye macho, simhitaji mtu mwengine. Tatizo la Utengano kwenu ni kwamba nusu ya pili ina mabaa na ulevi na mambo ambayo huko Wete sijui mtaigizia wapi na mama zenu watasema nini, na hilo nalisema kwa uzito si kwa mzaha, maana mkimtia msichana wa mtaani kwenu acheze nafasi ile, filamu ikisha nyinyi mnapanda boti mnakwenda tamashani, yeye anabaki na maneno ya watu.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1976, hiyo naipenda zaidi kuliko wengi wanavyoipenda. Mtoto aliyetengwa na nyumba ya babake kwa rangi yake, akaja kupewa shamba kwa maneno tu, bila hati, akalilima na mumewe kwa jasho, kisha warithi wakaja na karatasi. Mwisho wake ni damu. Hiki kisa Pemba nzima wanakijua, hakuna kijiji hakina kesi ya shamba la "marehemu alisema". Nitakurudia hapa.

Kuli ya Adam Shafi huyo huyo ni ya mgomo wa bandarini wa 1948, kubwa, inataka umati, inataka bandari. Haini yake ni jela. Jela ni rahisi kujenga, kuta nne, lakini inagusa mambo ya baada ya kuuawa Karume 1972 ambayo bado yana wenyewe, wako hai, wengine majirani zetu. Hiyo wekeni mpaka muwe na jina.

Na Abdulrazak Gurnah je? Tangu apate Nobeli 2021 kila mtu anataka Paradise, na sasa ipo kwa Kiswahili kaitafsiri Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, basi ndo kabisa. Kijana Yusuf, babake kadaiwa, katolewa yeye rehani kwa tajiri anayemwita ami, safari za misafara kwenda bara. Nzuri, lakini ni wapagazi wengi, ni Wajerumani, na haki zake zitazungumzwa London si Wete. Ukiniuliza mie binafsi basi katika vyake ningechukua By the Sea. Mzee kafika uwanja wa ndege wa Gatwick na kasha la udi, anaomba hifadhi kwa jina la mtu mwengine, na mtu huyo ndo yule ambaye nyumba yake aliichukua zamani huku kwetu. Halafu anatokea mtoto wa yule mtu. Watu wazima wawili, chumba, na nyuma yao duka la samani mjini Unguja, meza moja ya mpingo, deni moja. Unaona? Chumba na meza. Nasema tu, ili mtu mwenye uwezo asikie.

Sasa nyinyi. Kitabu ambacho kwa miaka nashangaa hakuna aliyekifanyia tamthilia ya kweli ni vile vya mpelelezi Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla. Mwandishi huyo mzaliwa wa Makunduchi, kaanza na Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 ikachapishwa 1960, kikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vyengine. Bwana Msa na kiko chake, Najum rafiki yake anayeshangaa kila kitu kwa niaba yetu, na Inspekta Seif wa polisi. Maiti ya Bwana Ali imekutwa mzimuni, watu wanasema mzimu umemuua, Bwana Msa hasemi kitu, anavuta kiko. Watu watakwambia kamuiga Sherlock Holmes, mpelelezi wa Kiingereza, sawa, kiko kile kinajulikana kimetoka wapi, lakini utani ni wetu, uchawi ni wetu, mirathi ni yetu, na kila kitabu ni kesi moja kwa hivyo kila kesi ni vipindi vitatu vinne vya tamthilia na watu wale wale wanarudi. Televisheni inapenda hivyo. Na nguo zake ni kanzu, koti, baiskeli na karabai, si majumba ya kifalme. Zuieni nguzo za umeme zisionekane, mmefika miaka ya 50. (Hapo ndo utajua dron ni adui, ukiipandisha tu unaona mapaa ya mabati na minara ya simu mpaka Micheweni.)

Kasoro anayo. Mwishoni Bwana Msa hukaa akaeleza, akaeleza, akaeleza. Kitabuni unakunywa chai unasikiliza, kwenye skrini watu watatoa simu. Hayo maelezo itabidi myavunje myatie kwenye vitendo njiani, na hiyo ni kazi ya mwaka si ya wiki. Tena Bwana Msa mcheshi, msimfanye mtu wa kununa.

Lakini hata hiyo si ya kuanzia, maana kuna karatasi, na hapa ndo narudi kwa Rehema kama nilivyokuahidi. Zamani mie na wenzangu tulishika riwaya moja, siitaji, mwandishi mzee wetu tukamwendea nyumbani, akatupa kahawa, akasema "chukueni wanangu, fanyeni, Mungu awabariki." Tukafurahi tukatoka. Miaka miwili tumeandika, tumezunguka kutafuta pesa, tumefanya majaribio ya waigizaji, mzee akafa, Mungu amrehemu, tukawaendea watoto wake, wako saba, wanne wanasema sawa, wawili wanataka pesa ambayo hatujapata kuiona, mmoja hajibu simu. Hati hatuna. Baraka na kahawa tu. Ile skripti iko kabatini mpaka leo, inaliwa na mchwa, na sina wa kumlaumu maana sisi ndo tuliojiona watoto wa nyumbani tukaona haya kumwekea mzee karatasi. Basi mwanangu, ona haya siku moja usije ukajuta miaka. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: kitabu gani, kwa muda gani mnaruhusiwa kukishughulikia, mnalipa nini leo na nini mkipata pesa, nani anaweka saini kama mwenyewe keshafariki. Nendeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mkaulize nani mwenye haki na nani anatambulikana kama mrithi, na mchapishaji naye aulizwe maana pengine sehemu ya haki iko kwake. Kwa mkataba wa Berne haki zinaishi kwa uchache miaka 50 baada ya mwandishi kufa, kwa hivyo kumbukumbu za Salme kwa Kijerumani chake ni za wote, lakini tafsiri mpya uliyoinunua dukani ina mwenyewe, usije ukanakili maneno yake ukasema bibi kafa zamani.

Ndo maana kwenu nasema anzeni na kisa cha kweli, cha Pemba, ambacho funguo zake ziko kwa wazee wenu.

Siti binti Saad kwa mfano si wenu, ni wa Fumba huku Unguja, kauza vyungu, kaimba, 1928 kaenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na Shaaban Robert kamwandikia wasifu. Atafanyiwa siku moja inshallah. Atakayeifanya ningemwambia asianzie vyunguni, aingilie mlango wa wimbo wa Kijiti, ule uliotungwa kwa mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni hapa, muuaji kakimbilia bara na waliotiwa hatiani ni mashahidi. Filamu ya mahkama na taarabu usiku mmoja. Haya tuiache.

Kwenu kuna Mkama Ndume wa Pujini. Magofu yapo, mwendo mdogo kutoka Chake, mtawala wa zaidi ya miaka 500 nyuma, jina lenyewe linatisha, na hadithi ya watu kubebeshwa mawe huku wakijikokota kwa makalio mnaijua. Filamu ya Mkama Ndume yenyewe siitaki kwenu, ntaona mapanga ya mabati. Ila kile kisima. Wazee husema alikuwa na wake wawili na akajenga kisima chenye ukuta katikati ili wasionane wakiteka maji. Wake wawili, ukuta mmoja, ndoo mbili, kila mmoja anasikia ndoo ya mwenzake inagonga maji. Dakika 12, waigizaji wawili, hata maneno hamhitaji mengi. Kibali muombe kwa watu wa Mambo ya Kale, msiende tu na matraipodi mkapanda juu ya kuta.

Popobawa ya 1995, lile shetani la usiku, mtaniuliza, najua. Ilianzia kwenu, mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza tangu kurudi vyama vingi, watu wakilala nje kwa makundi, moto unawaka, hakuna anayetaka kuingia ndani. Nasema ndiyo kwa sharti moja, popo asionekane hata bawa. Kwa bajeti yenu atakuwa mwavuli, na watoto watacheka. Kisa cha 1995 ni wale watu nje usiku, mwanamme mzima anaogopa kwenda msalani peke yake na hawezi kusema, jirani na jirani hawasemeshani kwa siasa lakini usiku wanalala mkeka mmoja kwa khofu. Hiyo sijaiona popote na inaniuma sijaiona.

Meli iliyozama Septemba 2011 nyinyi wa Wete mnaijua kuliko mie, ilikuwa inakuja kwenu. Msiiguse. Nasema kwa sasa. Kuna mama mtaani kwenu bado hajalijua kaburi. Mtu wa ile nyumba mwenyewe akija akasema nataka kusimulia, hapo kamera ni mali yake, si yenu.

Nnachotaka mie mfanye ni magendo ya karafuu. Nimeliweka mwisho makusudi maana ningelitaja mwanzo usingenisikiliza mengine. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndo mama wa karafuu, na kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa mmoja tu, serikali, na bei ni yake, na ng'ambo ya mkondo, Shimoni na Mombasa, bei ni nyengine. Basi unajua kilichofuata, kila nyumba ya pwani ya magharibi kuna babu ana usiku wake. Magunia yanatoka shambani kwa kichwa, mikoko, mashua bila taa, mkondo ule wenye kina cha kutisha, na nyuma yako KMKM, ambao jina lao lenyewe ndo kazi yao, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Na hapa ndo pana filamu: karafuu haifichiki. Dhahabu unaimeza, fedha unaifukia, karafuu inanukia. Inanukia kwenye nguo, kwenye nywele za mkeo, kwenye mashua wiki nzima baada ya safari. Mtu anamficha mwenzake kitu ambacho pua ya kila mtu kijijini inakijua. Ukimpata mwigizaji mmoja anaingia ndani anamkuta mgeni kakaa barazani, na mgeni anavuta pumzi kidogo tu, hakuna mtu Pemba atakayehitaji neno.

Harufu haionekani, utaniambia. Kweli, na hilo ndo somo lenu la kwanza, mtaionesha kwa nyuso. Mke anafua kanzu mara ya tatu. Mtoto anatumwa akamwage maji mbali. Pilau inapikwa siku isiyo na sherehe ili nyumba inukie kitu chengine. Hii ya pilau kanisimulia mzee mmoja wa huko kwenu akacheka mpaka akakohoa, sijui kama kweli lakini ichukueni.

Nendeni kwa wazee watatu, si mmoja. Msiende na kamera siku ya kwanza, nendeni na tende na muda. Majina mbadilishe, kijiji mkibadilishe, mwaka msiutaje, maana wengine wana watoto serikalini na yule aliyekuwa akimkimbiza pengine sasa wanaswali safu moja. Muulizeni na mzee aliyekuwa upande wa boti ya KMKM, huyo wote wanamsahau na mie naamini kisa kizuri zaidi kiko kwake, kijana wa Pemba kapewa kazi ya kumkamata ami yake. Na mabibi, waliobaki nyumbani usiku ule wakingoja, waulizeni walifanya nini mpaka alfajiri. Usiwaulize walijisikiaje, waulize walifanya nini.

Lugha, tafadhali. Watu waseme Kipemba. Nimechoka kuona babu wa Kojani kwenye skrini anaongea kama dalali wa Kariakoo kwa sababu prodyuza kaogopa watu wa bara hawataelewa. Wataelewa, na wasipoelewa tieni maandishi chini, Wakorea wanatutilia sisi na tunaangalia.

Kabla ya kupiga peleka skripti BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, mkapate kibali, dron nayo ina kibali chake peke yake, na msidanganyike kwamba Pemba ni mbali hakuna atakayeona. Fanyeni dakika 15, si saa moja na nusu. Dakika 15 nzuri inaingia ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe watu wamekaa kwenye ngazi za mawe, na watu wetu hawajui kupiga makofi kwa heshima, kitu kikilala wanainuka kununua urojo, kwa hivyo mtajua.

Mkishakaa na wazee hao watatu andika ukurasa mmoja tu, usiku mmoja, mashua moja, nyumba moja, uniletee. Usinitumie sauti ya WhatsApp ya dakika tisa, andika. Na hiyo sini ya kwanza isianze na dron.